Jinsi Nilivyomtafutia Reine Nafasi ya Chuo

Jumatatu, 12 Mei 2025
Usingizi hauji. Tangu mafuriko yatuondoe bondeni, mimi na mjukuu wangu wa kike, Reine, tunaishi katika chumba kilicho nyuma ya kanisa letu hapa Kansanga, nami hutembea humo ukuta hadi ukuta. Leo mlango umefunguka. Shirika moja la hisani litawasomesha ufundi vijana waliopoteza makazi. Reine anataka kuchomelea vyuma. Ningependelea ushonaji, lakini nimenyamaza. Imebaki nafasi moja tu, na Jean-Pierre, mzee wa kanisa mwenzangu, anaitaka kwa ajili ya mwanawe Gradi. Maji hayakufika kwake, anakaa kilimani. Wala hakusoma chuo cha Biblia. Mimi nilisoma. Nimeanza kupanga.

Jumanne, 13 Mei
Nimemfundisha Reine ushuhuda wa usaili. Ushuhuda una utaratibu wake: dhiki, maombi, ushindi. Asiyefika kwenye ushindi humwaibisha Bwana mbele za watu. Reine aliuliza, Babu, ushindi upi, nasi tunalala juu ya mkeka wa kuazima? Nikamjibu kwamba ushindi hutajwa kwa imani. Aliguna. Amekariri vizuri hata hivyo.

Jumatano, 14 Mei
Usaili. Nilizunguka uani mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ndani, kwa nilivyosikia dirishani, Reine alisema yote hadi mwisho: Bwana amerejesha nyumba, amerejesha mali, hatupungukiwi na kitu. Bi Nabwire, Mkenya wa shirika hilo, alimpongeza kwa moyo wote na kumwita anayefuata. Akaingia Gradi. Alilia tu. Mungu hakumtaja hata mara moja.
Jioni tumesikia kwamba Gradi anatangulia. Msaada ni wa wenye shida, amesema Bi Nabwire, na familia yetu kwa maneno yake yenyewe imekwisha kupona. Reine hasemi nami. Anakunja nguo zilezile, anazikunjua, anazikunja tena.

Alhamisi, 15 Mei
Nimempigia Bi Nabwire simu, nikamsihi sana. Atakuja kesho kujionea kabla ya kuamua. Ndipo nikashtuka: mgeni anakuja, nami sina hata kiti. Atatuonaje? Nikaenda kwa Jean-Pierre kuomba viti viwili. Amenipa makochi, zulia, televisheni na friji, tena amevibeba mwenyewe pamoja na Gradi. Hata mapazia. Alisema, chukua, mzee mwenzangu, chukua yote, mgeni asije akakudharau. Alikuwa akitabasamu. Toba ya kweli. Nimemwombea.

Ijumaa, 16 Mei
Bi Nabwire alikaa kwenye kochi, akatazama huku na huku, akasema kumbe tunaishi vizuri. Nikafurahi. Reine alisimama mlangoni, mikono kifuani. Nikamkaribisha mgeni maji ya baridi. Hayakuwa ya baridi. Bi Nabwire akaufuata waya wa friji kwa macho hadi ulipoishia sakafuni.
Akauliza, sasa Mzee wangu, hii friji mnaichomeka wapi?
Chumba hakina umeme. Nilianza kueleza kwa utaratibu, Reine akanikata kauli, jambo ambalo hajapata kulifanya. Alisema, dada, hivi vyote ni vya Mzee Jean-Pierre, jioni anavichukua. Nyumba yetu ilikwenda na maji. Babu anaona haya kusema, mimi sioni. Akalivuta zulia, akaonyesha mkeka, na shuka tunayoitundika katikati wakati wa kulala.
Bi Nabwire aliutazama mkeka. Kisha akataka kujua huyo Mzee Jean-Pierre sasa anakalia nini kwake.
Makochi mengine, alisema Reine. Haya ni ya wageni.
Na friji?
Anayo mpya. Hii ni ya soda.
Nilitamani sakafu inimeze. Mgeni aliondoka bila kumaliza maji yake.

Jumamosi, 17 Mei
Reine amepata nafasi! Anaanza Jumatatu. Isingekuwa mimi kuleta vile vyombo, Bi Nabwire angejuaje hali ya Jean-Pierre? Mpango ulikuwa na kina ambacho hata mimi sikukiona mwanzoni. Jean-Pierre amekuja kuchukua mali yake. Hakunisalimu. Gradi alimpa Reine mkono, akamwambia, nenda dada, mimi nilitaka tu biashara ya kuuza simu, ni Papa aliyesema nilie. Kijana mwungwana, malezi ndiyo yaliyopungua.

Jumatatu, 19 Mei
Reine ametoka mapema kwenda chuoni. Nami situlii. Wavulana watamdharau huko, binti peke yake kati ya vyuma. Nimeamua kumwona mkuu wa chuo asubuhi hii, nimweleze kwamba mjukuu wangu tayari anaijua kazi, na kwamba itamfaa kuanzia darasa la mbele. Viatu vyangu sivioni. Mama Pélagie wa jirani anasema alimwona Reine akipita navyo mkononi. Bila shaka amevipeleka kung'arishwa. Mtoto mwema. Nitakwenda na kandambili.