Pikipiki ya Kwenda Kupokea Mutoto wa Mwadi

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3, mwezi wa nane, 1953

Masomo sikuona. Herufi nilijifunza kwa maandishi ya mabehewa, wakati marehemu bwana yangu alikuwa kazi ya reli. Naandika vile naweza. Asiyependa afunge macho.

Mwadi, mutoto wangu wa mwisho, iko karibu kuzaa mimba ya kwanza, kule ndani ya pori ya Kabondo-Dianda, mbali na reli, treni haifiki. Mutoto wa kwanza anapokewa na mama ya mama. Hiyo njo desturi yetu. Sasa nasikia Agar, mama ya bwana yake, ameshatoka na baiskeli yake ya kusukuma. Agar! Nitamutangulia. Bwana yangu aliniachia pikipiki ya pori, ya askari wa vita. Imelala na kuku miaka mine. Nitaiamusha.

Siku ya tatu, tarehe 5

Inakosa buji, kile chuma kidogo kinawasha moto. Kapenda, muuzaji wa vyuma ya zamani nyuma ya gare, stesheni ya treni, alisema ya pikipiki hana, ana ya kinu ya kusaga mihogo, ni ndugu tu. Nilimuambia kuna bandugu wanauana. Akacheka, akanipa ile ya kinu, akabeba jogoo yangu kuwa malipo.

Mupira ya ndani imeoza. Nimejaza majani makavu. Mnyororo nimepaka mawese, ile mafuta nzuri ya kupikia majani ya sombe. Inang'aa!

Siku ya ine, tarehe 6

Siafu! Mnyororo muzima! Na kuku wanadonoa. Nimeosha, nimepaka mawese tena. Siafu hawatarudi mara mbili.

Siku ya tano, tarehe 7

Wamerudi. Lakini imewaka! Bajirani bote walitoka. Halafu furaha ikaniishia: nani ataendesha? Anayejua iko mumoja tu, Gaston, bwana ya Mwadi, amekuja leo kwa miguu kunichukua. Mukwe! Tangu ndoa sijamutazama uso, na yeye akiniona anarukia mu majani, anajificha. Kwetu njo heshima. Sasa nimushike kiuno?

Tuliongea kupitia pikipiki, yeye nyuma ya nyumba, miye mulangoni. Niliambia pikipiki imuulize mukwe kama Mwadi anakula. Akaambia pikipiki ijulishe mama kwamba Mwadi anakula udongo tu, na anaogopa, na anaita mama yake. Nikafuta macho. Pikipiki haikuona.

Dawa iko: nitamupa mgongo, mukeka katikati, kamba tumboni.

Siku ya posho, mwisho wa juma, tarehe 8

Kamba ilikatika mlima ya kwanza. Nikaanguka, nikakaa mu mchanga, nikaita. Motere ya pikipiki inapiga kelele, na Gaston hageuki! Atageukaje? Nyuma kuna mama-mukwe. Nikaona mukeka yangu inakwenda Kabondo-Dianda yenyewe.

Nilimutukana mpaka kona. Kisha nikamusifu: mukwe mwenye adabu kama huyu ni wangapi? Natembea.

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 10

Nicodème, katekista, alinikuta njiani, akanipakia baiskeli. Nimefika. Mutoto alizaliwa jana. Musichana. Amepokewa na Agar.

Nilikuwa nimetengeneza maneno mingi, ya kuchoma. Lakini Agar alikuwa na macho mekundu, hajalala siku mbili. Mwadi aliniambia mutoto alitanguliza miguu, na mukono wa Agar haukumuacha hata kidogo. Kama ningemutangulia, nikamufukuza, vile nilitaka, nani angemushika? Nikaketi. Agar akaweka mutoto mu magoti yangu bila kuombwa, akasema nimechelewa, mavumbi imenijaa, na nimukamate kichwa vizuri. Nimelia kama mujinga.

Nimefikiri sana. Aliyetoka mapema, pole pole, njo alifika. Iko wazi. Kwa hiyo mimba ya pili nimeshaipanga: Gaston ataendesha, Agar atakaa katikati, maana mama anaweza kumushika mutoto wake, na miye nitamushika Agar. Inakosa kiti murefu tu.

Agar anasema tutavunjika shingo bote batatu. Nimemuambia shingo yake iko nene, itatutosha.