Babu Aliyehesabiwa Mara Mbili

Jumatatu, 5 Mei
Lifti ya hapa Berea imekufa tena. Ghorofa nane kwa miguu! Sijali. Wiki hii Umoja wetu wa watu wa Tanga hapa Joburg unachagua mwenyekiti, na kwa desturi kiti ni cha ukoo uliotangulia kuingia mjini. Babu yangu, Athumani Mbaruku, yumo kwenye sensa ya Umoja ya 1951: Berea, mpishi, mke mmoja, aliingia 1949. Kiti changu!

Jumanne, 6 Mei
Balaa. Mahmoud, fundi cherehani wa Bellevue, naye anagombea. Daftari hilohilo lina Athumani Mbaruku wa pili: Bellevue, mshonaji, mke mmoja, aliingia 1946. Mahmoud anasema huyo ni baba yake mzazi, alimzaa uzeeni. Miaka mitatu mbele yangu! Na mwenyewe ana arobaini na tano tu, mimi hamsini na mbili. Ugali umenishinda.

Alhamisi, 8 Mei
Nimempata! Nimeshinda kutwa kwa Bibi Zubeda, katibu wetu, anayetunza madaftari chini ya kitanda. Daftari linasema mpishi hana kidole cha shahada mkono wa kushoto. Mshonaji hana kidole hichohicho! Umri mmoja, kijiji kimoja. Ni mtu mmoja, kahesabiwa mara mbili. Basi 1946 ni ya babu yangu, Mahmoud hana chake. Mke wangu Zuhura kauliza kama nimelifikiria hadi mwisho. Nimemwambia mambo ya nyaraka awaachie wenyewe.

Jumamosi, 10 Mei
Mkutano. Nimesema nusu saa nzima. Nimepiga meza. Nimeapa mbele ya watu kwamba Athumani ni mmoja. Bibi Zubeda akalinganisha kurasa, akakubali, akagonga muhuri. Nikainuka kwenda kukalia kiti. Akanizuia kwa mkongojo.

"Salum mwanangu," akasema, "kama babu yako ndiye baba yake, basi Mahmoud ni baba yako mdogo. Mwamkie."

Kumbe mzee alikuwa na wake wawili, kila mmoja mtaa wake, na kila nyumba ikijiona iko peke yake. Kwetu mtu hasimami kugombea na baba yake. Kiti kikaenda kwa Mahmoud. Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba taratibu, kisha akanituma chai. Nimeumia, sitaficha. Na alitaka sukari vijiko vitatu.

Jumapili, 11 Mei
Umoja unahesabu watu upya. Asubuhi, Berea: nimeandikwa Salum, muuza kava za simu, mke Zuhura, niliingia 2004. Mchana nikawahi Hillbrow, chumbani kwa rafiki yangu Tumu, nikavaa kofia na miwani. Nikaandikwa tena: Salum, mfanyabiashara, niliingia 1998, mwaka mmoja kabla ya Mahmoud mwenyewe kuja kutoka Tanga! Karani akataka jina la mke. Nikatunga: Najma. Wajukuu zangu watanishukuru. Na safari hii hakuna wa kugundua, maana vidole vyangu vyote kumi vipo.