Jalada Jipya la Mama Chukudu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Hakuna aliyenunua. Wiki nzima gemu yetu iko sokoni mtandaoni na hakuna mtu. Si kweli: mjomba alinunua, halafu akapiga simu kuuliza ile kitu inafunguliwa na nini.

Naandika kwa Kiswahili. Kifaransa nilisomea Goma, Kiingereza nasomea hapa Columbia Heights, na zote mbili zina walimu wenye kalamu nyekundu. Kiswahili hakijawahi kuninyima maksi, ndiyo maana nakiamini na mambo yangu. Tena mdogo wangu Maombi anakisikia lakini hawezi kukisoma.

Gemu inaitwa Mama Chukudu. Mama mmoja anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kwetu isiyo na pedali, imejaa makabichi, kutoka mashambani hadi mjini. Programu niliandika mimi. Picha alichora Mutesi wa ghorofa ya chini. Yule mama ni mama yake, aliyefariki mwaka jana mwezi huu huu. Juu ya kilima cha mwisho, ukiacha kubonyeza, anaketi kwenye mzigo wake na kuimba polepole, mdomo umefungwa. Sauti ile ni yake kweli. Mutesi aliirekodi jikoni kwa simu, na simu ilishakufa. Sasa sauti imebaki ndani ya gemu tu.

Siri yenyewe ni hii. Wakishaondoa matanga, Mama Euphrasie, mama mdogo wake, anamhamishia Eagan, karibu na ghala anakofanya kazi. Eagan si mbali kwa mwenye gari. Mimi sina gari, na mbele ya Mutesi sina hata mdomo. Kwa hiyo nimepanga hivi: gemu ikiuzika, lazima kuwe na ya pili. Kukiwa na ya pili, lazima anipigie. Isipouzika, hana sababu yoyote duniani ya kunipigia.

Lazima iuzike.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemuuliza Gitonga. Ni Mkenya, alinitangulia mwaka mmoja shuleni, na sasa yuko kwenye duka la gemu zilizotumika. Mtaalamu. Aliangalia jalada letu kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa bro, huyu mathe anauza nini?" Nikasema makabichi. Akasema basi tatizo tumelipata. Watu wananunua kwa macho. Weka mrembo: kiuno, kope, nguo fupi kiasi. Akasema hata kama gemu ni ya kuzibua choo, mrembo ndiye ashike kile kifaa.

Nikamuuliza yeye mwenyewe anacheza gemu gani zaidi. Akakohoa. Ni ile ya kulima mahindi kwa trekta. Akasema hiyo ni tofauti, hiyo ni ya kupumzisha akili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Utafiti. Nimepanda mabasi mawili hadi dukani kwa Gitonga, nikajibanza nyuma ya chaja za simu.

Mwanaume mwenye kofia alichukua kasha lenye mwanamke mwenye upanga, amevaa nguo ambayo vitani haitamsaidia kitu. Akalitazama. Akatazama kushoto. Akatazama kulia, akaniona. Akalirudisha na kununua mpira wa miguu. Wakaja wavulana wawili, wakasukumana mbele ya kasha lile lile, wakaondoka na magari ya mashindano. Baba mmoja alifika nalo hadi kaunta. Mke wake akamuuliza kwa upole hiyo ni ya nani. Akasema alidhani ni ya mtoto. Wakaondoka na matrekta.

Gitonga akasema, unaona? Wote wameanzia kwa mrembo. Nikasema ndiyo, lakini hakuna aliyemnunua. Akasema hiyo ni haya tu. Dukani kuna watu. Mtandaoni nani atakuona?

Ndani ya basi nilifikiria hadi nikapitiliza kituo changu. Ana haki. Mimi mwenyewe naona haya kubonyeza kengele ya basi.

Jumapili, 12 Oktoba, baada ya kanisa

Nimechora mrembo. Kiuno nimekibana mpaka chukudu imekuwa pana kuliko yeye. Mikono siwezi kuchora, nimeificha ndani ya makabichi. Uso pia siwezi. Nimeazima ule ule aliouchora Mutesi, nikaongeza kope na rangi ya midomo. Nilipomaliza ukanitazama vile Mama Mutesi alivyokuwa akitazama mtu anayesema ameshiba. Nikafunga kompyuta. Baadaye nikaifungua.

Gauni halikuwa na maua wala chochote. Kwenye kabati la Mama kuna mfuko wa plastiki, na ndani yake kitenge kipya, bluu, chenye ndege wa njano. Sijawahi kuona kizuri kama hicho. Nikakipiga picha, nikamkatia mrembo gauni la kompyuta, linaloishia juu ya magoti. Mama akatokea mlangoni, akauliza natafuta nini kabatini mwake. Nikasema soksi. Akauliza tangu lini soksi zangu zinalala na vitenge.

Jumatano, 15 Oktoba

Gitonga amecheza hadi mwisho. Anasema jalada sasa limeiva, lakini kule juu ya kilima gemu inalala. Nani atanunua gemu ya mama kuketi? Nikasema kuna sababu. Hakuuliza ni ipi, na mimi sikuisema. Ndivyo nilivyo.

Nimeondoa kuketi. Kwenye faili ya ile sauti nimeweka ngoma, kwa jina lile lile, ili nisihangaike kubadilisha programu. Ninajisifu kidogo kwa hilo.

Mutesi sijamwambia. Jumamosi ni matanga. Nataka aikute gemu imeshauzika. Kesho hatuna shule, walimu wana mkutano wao. Nimeipeleka sokoni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wanafungua ukurasa! Watu nisiowajua, kutoka miji nisiyoijua. Wachache wananunua, na karibu wote wanataka kurudishiwa pesa. Mmoja ameandika: "Nimemtafuta yule wa jalada hadi mjini. Hayupo. Kuna mama na makabichi." Ni kweli. Ndani sikumbadilisha mtu, maana mrembo wa kutembea angehitaji miguu. Mwingine ameandika kwamba makabichi yamechorwa vizuri. Huyo namheshimu.

Lakini wanafungua. Hata watoto wa kanisani wanaonyeshana, simu kwa simu. Nimepiga shati pasi. Nimejifunza sentensi moja ya kumwambia Mutesi kesho: tufanye ya pili. Nimeisema mbele ya kioo mpaka Maombi akaniuliza, kwa Kiingereza, ya pili ya nini.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mama alitangulia asubuhi kwenda kupika. Mimi nilifuata na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Nikashuka ngazi hadi ukumbi wa chini ya kanisa, nikasukuma mlango kwa kiwiko.

Wote wamevaa bluu. Ndege wa njano kila mahali. Wamama wa kwaya, watoto wanaotambaa, Mama Euphrasie, mama yangu mwenyewe. Kwetu mwaka ukitimia familia inavua nyeusi, na watu wa karibu wote wanashona kitenge kimoja, kilichochaguliwa kwa ajili ya marehemu. Desturi hii naijua tangu nikiwa mgongoni. Kitenge kipya, ndani ya mfuko, wiki ya matanga, na mimi nikaona maua ya gauni.

Mutesi naye alikivaa, gauni refu hadi chini. Alipendeza kiasi kwamba niliangalia sufuria.

Kisha mtoto wa mchungaji akasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya watoto isiyojua kushuka, kwamba Mama Euphrasie amevaa nguo ya yule mwanamke wa gemu. Wenzake wakacheka. Akawapelekea wamama simu waone. Mama Euphrasie akatafuta miwani kwenye mkoba, akaivaa, akaangalia.

"Huyu si dada yangu?" akauliza.

Mama yangu alinitazama. Nadhani alikuwa amekumbuka soksi.

Mutesi akaichukua simu. Akaanza kucheza, amesimama pale katikati ya viti. Nilisikia magurudumu ya mbao, kilima cha kwanza, cha pili, cha mwisho. Akaondoa kidole. Ngoma ikaanza kupiga. Akangoja. Ngoma ikaendelea tu.

Akamrudishia mtoto simu yake na kuja mbele yangu.

"Byamungu, mama yangu umemweka wapi?"

Nilikuwa na sentensi moja tu. Nikaisema.

Jumapili, 19 Oktoba

Faili haipo. Nimetafuta kwenye kompyuta yote, hata mahali pa kazi za Kifaransa za zamani. Ngoma niliiweka kwa jina lile lile, nayo imeifuta sauti.

Mama haongei na mimi. Anaongea na Maombi ili nisikie. Mwambie kaka yako chakula kiko mezani. Mwambie asipokiona atazame karibu na soksi.

Mchana nilikuwa nimelala chali sakafuni. Nikasikia Mama Mutesi anaimba.

Ni tableti ya Maombi. Imejaa picha za paka hadi haikubali toleo jipya la kitu chochote. Bado ina gemu ya zamani. Nilipiga magoti, kweli kabisa, nikaahidi kumwoshea vyombo hadi Krismasi. Sikujua njia ya kuitoa sauti mle ndani, kwa hiyo nimeiegemeza tableti kwenye kompyuta, nikaomba nyumba yote inyamaze, nikarekodi. Imeingia vizuri. Katikati tu Mama anasikika kutoka jikoni akiuliza nani ameacha friji wazi.

Nikarudia. Safari hii Mama hakusema kitu. Nilipoisikiliza nikagundua kwamba analia, kidogo kidogo, kama mtu anayedhani hasikiki. Walikuwa wakisuka nywele pamoja kila Jumapili, yeye na Mama Mutesi, saa kama ile.

Nimetumia ile ya friji.

Jalada la zamani limerudi. Kuketi kumerudi. Nimemwandikia Mutesi kwamba amerudi pale pale juu. Amesoma. Hajajibu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Wamehama. Mama aliniamuru nikabebe mizigo. Mama Euphrasie alinikabidhi sanduku la sahani, akasema hili nilishike kwa mikono, siyo kwa akili. Wajomba wakacheka. Nami nikacheka, nikachelewa, wenzangu walikuwa wamemaliza.

Mutesi alikuwa ameshikilia mlango wa jengo usijifunge. Nilimpita mara nyingi kuliko masanduku yaliyokuwepo. Mara ya mwisho sikuwa nimebeba kitu. Akasema, "Asante kwa kubeba." Yule mwenye lori alikuwa ameambiwa hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Novemba

Theluji ya kwanza, ile inayoyeyuka kabla hujaita mtu aione.

Gemu imekufa sokoni. Hakuna anayefungua ukurasa. Gitonga anasema aliniambia. Ukurasa wa wauzaji unanionyesha kila mchezaji yuko mji gani na amefika wapi kwenye gemu. Amebaki mmoja. Yuko Eagan.

Kila jioni anasukuma hadi juu ya kilima cha mwisho. Anaacha kubonyeza. Anakaa hapo hapo. Mjini hajawahi kushuka, makabichi yote bado yako juu ya chukudu. Leo alikuwa pale nilipoanza kuosha vyombo vya Maombi, na nilipofuta mikono bado alikuwa pale.

Najua ni nani. Eagan simjui mtu mwingine.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini, na naona sasa tulikosea wapi. Amechoka. Anapanda kilima chote, anafika juu, na macho yake hayapati kitu. Ndiyo maana hashuki. Mimi na Gitonga tulimfikiria mnunuzi mwanaume tu, na wasichana nao wana macho. Nilipompigia, Gitonga alisema alikuwa anangoja nilione mwenyewe.

Kwa hiyo nachora kijana. Anakuja kutoka upande wa pili wa kilima na chukudu yake. Gitonga alitaka avue shati. Niliona haya, nimemfungua kifungo kimoja. Mabega ni ya Gitonga, uso nimeuazima wangu, mikono imo ndani ya makabichi. Anafika pale mama alipoketi, anasimama, anasema habari ya jioni.

Sauti ya Mama Mutesi sitaigusa. Hilo nimejifunza. Nitaipunguza tu kidogo kijana anapofika, ili asikike.