Jinsi Karani wa Mizigo Alivyolishinda Boksi la Gauni

Sogeeni, enyi wenye masikio, mkae mkao wa kusikia. Maana vita vya wafalme vina waandishi tele, na hivi vilivyopiganwa juu ya mizani ya ofisi ya mizigo havijapata hata mmoja.

Siku zile mataifa mawili ya mbali yalirushiana makombora kando ya mlango wa bahari, na meli, kwa kuogopa kuzamishwa, zikalizunguka bara zima. Safari ya majuma matatu ikawa ya saba. Wenye haraka wote wakakimbilia ndege, na nauli ya ndege ikafura kama maziwa jikoni. Fahali wakapigana, nyasi iliyoumia ikawa shangazi mmoja mshonaji.

Aliingia amekumbatia boksi lililomfika kidevuni. Ndani mlikuwa na gauni la harusi la binti wa kaka yake aliyeko ng'ambo, kazi ya miezi minne, na harusi ilibakiza siku tisa. Karani, aliyeitwa Rula kwa kupenda vipimo, jabali la kaunta, simba wa futi na mizani, akapima, akaandika bei. Ndege hutoza uzito, na boksi likiwa pana hutoza upana wake. Akaigeuza karatasi ili mama wa watu ajisomee. Shangazi akasoma, akasema taratibu kwamba bei hiyo inashinda kitambaa, lulu na cherehani yenyewe, kisha akaanza kulibeba boksi lake.

Moyo wa shujaa ukamsuta.

“Shangazi,” akanena, “bahari sikuifunga mimi, wala sina jeshi la kuifungua. Lakini nusu ya boksi hili ni hewa, na hewa haitalipiwa nauli mbele ya macho yangu. Niruhusu nilikate.”

“Kata. Ila ukiniharibia kiuno cha gauni, hiyo vita ya huko utaiona cha mtoto.”

Akachomoa kisu cha karatasi, akazishusha kuta. Shangazi akakunja, marinda yakafumka, yakakunjwa tena, yakafumka. Ndipo Rula akavua viatu, akapanda kaunta, akakalia kifuniko kwa uzito wote aliojaliwa, huku muuza vipuri aliyekuwa kwenye foleni akibana pembe kwa kiwiko na shangazi akizungusha tepu. Boksi likaguna, likasalimu amri. Bei ikashuka hadi pale pochi ya shangazi ilipoweza kuifikia, tena kwa kunyoosha mkono.

Jumamosi ya harusi picha ikafika. Bibi harusi aling'aa, na toka kiunoni hadi gotini ulishuka mkunjo mmoja ambao pasi ilishindwa kuung'oa. Shangazi akamwonyesha karani. Rula akautazama kama jemadari atazamavyo kovu lake.

Basi na iandikwe: mwaka ule wakubwa waliposhindwa kuifungua bahari, karani mmoja alikalia boksi, nalo likapungua sentimita kumi na nane.