Ombi la Miwani Kumi ya Buluu

Kwa Mjomba,
Chumba cha Cherehani,
Hapa hapa nyumbani.

YAH: SKRINI ULIYOTUCHAGULIA

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nakusikia ukipiga chafya, ila cherehani haijasimama, kwa hiyo sina wasiwasi. Nimeona nikuandikie kwa sababu kila nikifika mlangoni kwako ili nikueleze, naishia kukuuliza kama unataka chai. Jana ulikunywa vikombe sita.

Kwanza nakushukuru. Ulituahidi mimi na kaka skrini moja ya kompyuta, yeye atengenezee muziki wake, mimi nirekebishie picha zangu, na umetimiza. Sidhani kama kuna fundi mwingine wa nguo ambaye angechagua kwa makini vile. Uliipima kwa futi yako ya kushonea, ukaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, ukauliza kama itapauka. Muuzaji alipoanza kutaja rangi bilioni moja ukamwambia, "Bwana mdogo, mimi nauliza upana."

Na tumeitunza kama ulivyoagiza. Ulisema kwako nguo hutoka ikiwa ndani ya nailoni, na anayeitoa nailoni ni mwenye nguo tu. Kwa kuwa mimi na kaka bado tunabishana skrini ni ya nani, nailoni yake ya dukani haijaguswa.

Hata hivyo ninayo malalamiko, nayo ni haya:

1. Upana. Skrini imeizidi meza kwa shubiri moja. Kaka, ambaye siku hizi haitiki mpaka umwite Prodyuza, amejitwalia kushoto na katikati apange midundo yake. Mimi nimebakiwa na kulia, sehemu iliyotokeza nje ya meza. Picha ya Bibi imebanwa ubavuni mwa besi. Bibi alipojiona aliuliza amekosa nini.

2. Mchakacho. Besi ikilia, kuna kitu kinachakacha. Nilimwomba kaka akitoe. Akasema, "Acha ushamba, hiyo ni kayamba, imeingia yenyewe." Hii ni wiki ya tatu kayamba inaingia yenyewe. Wimbo ameshaupa jina, unaitwa "Kayamba".

3. Rangi. Hapa ndipo penye uchungu, Mjomba. Kwenye skrini yetu watu wote wana ubuluu, kama wameopolewa majini sasa hivi. Nikawaongezea joto kidogo kidogo mpaka wakapendeza. Nikapeleka picha kumi kwa mwenye printa wa barabarani, akanipa zikiwa ndani ya bahasha, nami kwa adabu sikuifungua. Nikaifikisha moja kwa moja kwa yule mama mwenye studio ya picha anayetafuta msaidizi. Unajua tangu nimalize shule sijaomba kazi popote, maana kuomba kazi ni kuongea. Yeye alisema nisihangaike kuongea, picha ndizo zitakazosema.

Picha zikasema. Aliziangalia zote kumi, akavua miwani, akaivaa tena. "Mwanangu," akaniuliza, "ukoo wenu mzima mnaumwa manjano?" Nikajibu ndiyo, kwa sababu nilishindwa kujibu hapana. Amenipa mpaka Jumatatu nilete nyingine, halafu basi. Alinipa pia pole za kufikisha nyumbani. Pole sana, Mjomba.

4. Nimetafakari kosa ni la nani. Haliwezi kuwa la skrini, kwa kuwa uliichagua wewe. Macho yangu yalipimwa shuleni, ni mazima. Mwenye printa ni mtu anayeheshimika. Kwa hiyo kosa ni la watazamaji, wanaoziangalia picha zangu kwa macho matupu bila kupitia kwenye skrini yetu.

Kwa heshima zote, naomba unishonee miwani kumi ya nailoni ya buluu. Moja ya mama mwenye studio, mbili za wateja wake wanaosubiri kwenye benchi, na zilizobaki ziwe akiba, kwani kazi ikienda vizuri itabidi tuufikirie mtaa mzima. Kama nailoni ya buluu haipatikani, basi washonee ndugu wote nguo za manjano, tukipita mbele ya studio tuonekane kweli tunaumwa, na mimi nisiwe muongo.

Nisalimie Mama akija hapo kuchukua uzi, na wateja wote wanaongojea vifungo. Bibi yuko hapa kwangu ila amekataa kutuma salamu mpaka atolewe ubavuni mwa besi.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
wa chumba cha pili.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii nilipoona si adabu kukuagiza miwani bila kukupa sampuli. Nailoni yenye ubuluu humu ndani ni moja tu. Nikaibandua kwenye kona ya skrini, kidogo, nione inavyokatika. Palepale konani palikuwa na shavu la Bibi, na lilikuwa shavu lake kabisa, la kahawia, na alama yake ya kuzaliwa. Nikavuta nailoni yote. Mjomba, hakuna mtu wa buluu katika ukoo huu. Tangu asubuhi nimesharekebisha upya picha tisa. Tafadhali miwani usishone.

Kaka amewasha besi, akatega sikio, kisha akaiuliza nyumba nzima, "Nani kaniibia kayamba yangu?" Sasa naye anakuandikia barua. Anataka nailoni irudishwe.

Nailoni nimeikunja vizuri, imo ndani ya bahasha hii. Picha ya kumi ni yako, ile niliyokupiga dukani ukiipima skrini kwa futi, na ndiyo nitakayoitanguliza Jumatatu. Ukimjibu kaka, naomba umkumbushe ulichosema kuhusu anayeitoa nailoni.