Kiungio Kikifunguliwa Hakirudiwi

Tone moja la maji lilikuwa limetulia juu ya meza ya studio ya Zuleha, pale Nachingwea, na Hemedy akalitazama kwa mapenzi makubwa. Alikuwa ameingia kupiga picha ya pasipoti tu. Lakini mwenye kipaji hapumziki, na Hemedy alijaliwa kipaji cha kuishi mjini bila kazi inayoeleweka.

"Dada, hii kompyuta yako inapozwa na maji?"

"Ndiyo. Ilitoka Dar vipande vipande kwenye basi, fundi akaja kuiunga, akarudi zake. Sasa inadondosha."

Hemedy akachungulia kwenye kioo cha ubavuni. Ndani, mipira myembamba ya kupitishia maji ilizunguka kutoka pampu hadi rejeta ya kuyapoza, na kila ncha ilishikwa na kiungio cha chuma kinachong'aa. Akashusha pumzi kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

"Hivi viungio vilirudiwa. Dada yangu, kiungio kikifunguliwa hakirudiwi. Ni kama sindano ya hospitali."

Hapa sina budi kusema ukweli, maana kwenye chumba kile hakuna aliyekuwa na mpango wa kuusema. Kiungio hurudiwa. Ukikiosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki, kisha ukakata ile ncha ya mpira iliyotanuka, kitakutumikia miaka. Kinachochoka ni oringi, kile kipete cheusi cha mpira kinachokaa shingoni mwake kuzuia maji. Hemedy aliyajua yote haya vizuri kabisa, ndiyo maana aliyanyamazia.

Zuleha hakuwa na muda wa kubishana. Korosho zilikuwa zimeanza kuuzwa, na korosho zikiuzwa kijiji cha Naipingo kizima kinaoa. Video zote za harusi na za kumtoa mwali zilikuwa ndani ya mashine ile. Ikiungua, angefunga studio, na uso wa kuwatazama mabibi harusi asingekuwa nao. Akakubali kuletewa viungio vipya.

Hemedy akavichukua vile "vya kutupa", akavisugua kwa dawa ya meno mpaka vikameremeta, akapanda pikipiki yake nyekundu hadi Ruangwa. Huko alikuwepo bosi Methodius, mfanyabiashara kutoka Bukoba mwenye ukumbi wa gemu na kompyuta ya aina ileile. Alipewa hotuba ileile ya sindano. Viungio vya Zuleha vikabaki Ruangwa kama vipya kutoka Dubai, na vya Methodius vikaja Nachingwea kama vipya kutoka Dubai. Zuleha alikuwa Naipingo akirekodi harusi. Aliporudi alikuta vimeshafungwa.

Oringi hazikuguswa. Kitu pekee kilichohitaji kubadilishwa ndicho Hemedy alichokionea uvivu. Kwa hiyo haukupita muda, kompyuta zote mbili zikaanza kudondosha tena, na fundi Hemedy akaitwa tena kwa heshima zote.

"Hata bosi Methodius wa Ruangwa hafanyi kitu bila mimi," alimwambia Zuleha, akimkabidhi mfuko. "Mzigo mpya huo. Kesho nakuja kufunga."

Sasa, Hemedy alikuwa amekula shughuli nyingi Nachingwea, lakini hakuwahi kubeba sufuria ya kupikia shughuli hata moja. Angebeba, angejua kwamba sufuria ya mwanamke haitoki nyumbani bila alama, la sivyo inarudi kwa jirani. Zuleha alitumia rangi nyekundu ya kucha, na hakuishia kwenye sufuria. Nyaya, taa, stendi za kamera, vyote vilikuwa na nukta. Jioni ile akaviweka viungio mezani ili navyo avipe alama. Akanyanyua oringi ya kwanza kwa ncha ya sindano, kwa kuwa nukta ya chini ya oringi haiharibu sura.

Nukta nyekundu ilikuwepo tayari. Ya pili vilevile. Zuleha aliziweka yeye mwenyewe siku mashine ilipofika kutoka Dar.

Hasira zilimpanda. Alitaka kwenda kituo cha polisi. Kisha akamfikiria mdogo wake Kaimu, dereva wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu, akaikumbuka na ile pikipiki nyekundu ya Hemedy. Akatulia, akamtuma Kaimu duka la vipuri kununua oringi.

Kesho yake Hemedy alikuta mashine inafanya kazi. Maji yanazunguka, taa zinawaka, bibi harusi anacheza kwenye skrini.

"Kaimu kanifungia," Zuleha alisema kwa unyonge. "Lakini nimechoka, fundi. Naiuza kabla haijaniua. Hela sitaki, ndugu watakuja kuzimaliza. Nipe pikipiki yako."

Hemedy akapiga hesabu haraka. Kwa Methodius mashine ile ingezaa pikipiki tatu. Hata hivyo, tapeli hamwamini mtu.

"Niruhusu kwanza nifungue viungio, niinue hii sahani ya shaba, niione prosesa iliyo chini yake, ubongo wenyewe."

"Ufungue?" Zuleha alishangaa. "Si ulisema kikifunguliwa hakirudiwi? Vingine umekuja navyo?"

"Hata mimi umenisikitisha, fundi," Kaimu alisema. "Sindano ya hospitali hiyo."

Hemedy aliutafuta mlango wa kutokea ndani ya uongo wake mwenyewe, akaukosa. Akasaini kadi ya pikipiki, akakodi bajaji, akaondoka na mashine.

Kwa Methodius maji yalizunguka vizuri sana. Taa ziliwaka. Skrini ilibaki nyeusi. Hemedy akafungua sahani ya shaba, na chini yake akakuta tundu tupu. Prosesa ilikuwa Nachingwea pamoja na video zote, ndani ya kava la kompyuta la kawaida, ikipozwa na feni. Yule bibi harusi wa kwenye skrini alikuwa akitoka kwenye laptopu iliyofichwa nyuma ya pazia.

Methodius akafungua kiungio kimoja cha mashine ile, akanyanyua oringi yake kwa kijiti cha meno, akaiona nukta.

"Dada Zuleha alinipigia jana. Jina langu ulimpa mwenyewe kwa kujisifu," alisema, akiendelea kuvifungua viungio kimoja kimoja. "Hivi vinabaki hapa, nilishavilipia kama vipya kutoka Dubai. Oringi mpya zimeshaletwa."

Hemedy akatoka barabarani na kava la mashine lisilo na prosesa mikononi. Bodaboda nyekundu ikasimama mbele yake. Kwenye tangi, karibu na mfuniko, palikuwa na nukta ya rangi ya kucha, bado mbichi.

"Nachingwea?" Kaimu aliuliza. "Nimemaliza kuleta oringi, narudi."

"Kaimu, hii pikipiki yangu."

"Ilikuwa. Panda. Ila nauli kwanza, fundi, na ikishatolewa hairudishwi."

Hemedy akaliweka kava chini, akaingiza mkono mfukoni.