Mbuzi Kumi za Bi Batuli

Jumatatu, 5 Machi 1984
Mzee Mbaruk, mwenye kibanda changu cha useremala, kaja na habari. Bi Batuli, mkuu wa wapishi wa harusi, ataka mbuzi kumi za kukunia nazi, Ijumaa. Fundi atakayemridhisha abaki kibandani. Mwingine ahame. Huyo mwingine ni Kitsao, kijana tunayegawana kibanda! Tangu vita vitutoe visiwani nimehamishwa mara nne. Sihami tena.

Jumanne, 6 Machi
Kumi tayari. Nzuri kwa macho! Mbovu huvunjika siku za mwanzo. Basi zivunjikie kwangu, si chini ya shangazi za bibi harusi. Nimezibebesha gunia la mchanga, moja moja. Tatu zimekufa. Heri! Mke wangu, Mwanasiti, akauliza ni shangazi gani mwenye uzito wa gunia. Nikamwambia hajawaona.

Jumatano, 7 Machi
Saba zimepita. Labda kwa bahati tu. Nimeongeza gunia la pili. Zimebaki nne. Kitsao akaniamkia shikamoo, kisha akaniuliza, kwa adabu zote, kama siku hizi nauza mbuzi au kuni. Nikamjibu zake hazijaonja shida. Akasema mkewe amezikalia zote, akakuna nazi, wakala wali. Wali! Ndio mtihani wake huo.

Alhamisi, 8 Machi
Ili niwe na hakika, nimeziloweka, nikazianika, nikarudisha magunia. Imebaki moja. Mwanasiti kanisihi niiache hiyo. Kisha akaanza kufunga vyombo.

Ijumaa, 9 Machi
Bi Batuli kaja baada ya sala. Kitsao: kumi. Mimi: moja. Nikamweleza yote iliyoyashinda. Akaikalia, akatikisika. Akasema harusi imesogezwa wiki moja. Nimtengenezee tisa kama hiyo, kazi ni yangu. Mwanasiti alilia kwa furaha. Nikamwomba Bi Batuli angoje kidogo, nimwonyeshe mara ya mwisho. Nikairukia kwa miguu miwili.
Kitsao ndiye aliyeniinua.

Jumapili, 11 Machi
Tumehamia mtaa wa Barani, verandani kwa binti yetu Jaha. Kosa nimeliona: sikuijaribu vya kutosha. Veranda nzuri, yenye hewa. Nguzo nne zimebeba paa. Lakini nani amezijaribu? Ya kwanza nimeipiga nyundo, imestahimili. Ya pili imepasuka kidogo. Jaha na mamake wamekaa uani, wasema wafuata upepo.
Zimebaki mbili.